Pumzi ya Mashine Namba Mbili

Njoo nje kwanza, Ng'wandu, hizo shuka zitakungoja.
Zunguka ukuta, kanyaga pale penye jiwe, usiingie tope.
Unaliona bomba? Weka kiganja mdomoni mwake
kama unavyompima mtoto homa.
Likikupumulia joto lenye unyevu, kwa nguvu, bila kusita,
rudi ndani ufanye kazi.
Likikunyima pumzi, zima.
Usimtafute bosi. Zima, ndipo uniite mimi.

Nimezaliwa Magu, nyumba ya wachuma pamba.
Baba alipakia marobota kinuni
na kila robota alilinusa kabla halijaingia ghalani,
pua imegusa gunia, macho kayafumba.
Wenzake wakamwita Mbwa wa Ushirika.
Alisema: pamba haipigi kelele.
Cheche ikiingia Jumatatu italala humo, itakula polepole,
Alhamisi ndipo utaona ghala limekuwa jua.

Nikaikimbia pamba, nikaja Kirumba.
Kumbe ilinitangulia.
Imo kwenye taulo za wageni, imo kwenye foronya,
kila mzunguko inajichambua yenyewe, inaacha manyoya
ya kijivu, mepesi,
hata mzani wa dukani hauyatambui.

Masika ya mwaka juzi mvua ilikaa mjini
kama mgeni asiye na nauli.
Majabali yote ya mlimani yalilowa,
hapakuwa na pa kuanika hata leso.
Loji zikatuletea shuka kwa magunia.
Mashine namba mbili, iliyokausha kwa dakika arobaini,
ikataka saa nzima. Kisha saa na nusu.
Bosi Lushinge akasema, ongeza moto.
Nikaongeza. Nilikuwa na kodi ya kulipa.

Ndiyo wiki ile visubi walipopanda kutoka ziwani,
nguzo nyeusi zimesimama juu ya maji,
ungesema Ukerewe inaungua.
Moshi usio na moto! Nikacheka, nikafunga dirisha.
Nyuma ya ukuta walikuwa wakiingia kwenye lile bomba,
wanabanana kwenye wavu, wanakufa, wanagandia
manyoya ya miezi minane ambayo hakuna aliyeyatoa.
Nasema hakuna. Mtoaji nilikuwa mimi.

Saa tano usiku nilinusa.
Si plastiki, si nyaya. Robota.
Nilimnusa baba.

Sikuufungua mlango wa mashine;
mlango ni mdomo, na moto una njaa ya hewa.
Nilizima ukutani, nikazima na swichi kubwa,
nikasimama mvuani na ndoo ya mchanga,
natetemeka, nahesabu, sijui nahesabu nini.
Shuka moja tu iliungua, pembeni,
doa la rangi ya ukoko wa ugali.

Asubuhi fundi Nkwabi alilifungua bomba kipande kwa kipande.
Akavuta kitu kirefu, kijivu, chenye mabawa elfu,
kikawa kinakuja tu, kinakuja,
na mwisho kabisa kiota cha shomoro
kilichofumwa kwa nyuzi za taulo zetu.
Hakikuwa na yai. Nilishukuru kwa hilo
kuliko nilivyoishukuru nyumba kusimama.
Lile bomba la plastiki lenye mikunjo akalitupa,
akaweka la bati, fupi, lisilo na kona.

Basi chujio ni kila mzigo. Si kila siku: kila mzigo.
Bomba tunalisugua siku ya mshahara,
maana siku hiyo hakuna anayeisahau.
Visubi wakipanda, hata Jumapili, njoo na brashi.
Na usiwashe ukaenda kununua sambusa.

Haya.
Kiganja chako kinasemaje?